Kundi la Aprili 1941 lililopima vizazi vya SAT

Kwa miaka 54, kijana wa Marekani aliyefanya mtihani wa SAT ili aingie chuo kikuu alilinganishwa na watahiniwa zaidi ya 10,000 asiowajua: wale wa Aprili 1941.

Mtihani huo ulianza Juni 1926. Katika miaka ya 1930 kila mkupuo ulisahihishwa kivyake. Wastani wa waliofanya siku ile ukahesabiwa kuwa 500. Hapo palikuwa na dhuluma. Aliyeangukia mkupuo wenye vipanga wengi alishuka, mwenzake mwenye uwezo uleule akapanda kwa kuwa tu alifanya pamoja na walio dhaifu.

Ndipo kundi la Aprili 1941 likafanywa msingi. Karatasi mpya zikachanganywa na maswali machache yaliyokwisha kutumika, bila mtahiniwa kuyatambua. Ikiwa kundi jipya limeyamudu hayo sawa na lililotangulia, lakini likayumba kwenye maswali mapya, basi karatasi ndiyo ngumu. Aliyepata maswali 40 humo hupewa alama za juu kuliko aliyepata 40 kwenye karatasi nyepesi. Sijaona njia ya haki kuliko hii.

Ila kundi la 1941 lenyewe lilikuwa la wachache, wengi wao wa kaskazini mashariki, na sehemu kubwa wa shule za kulipia. Mtihani ulipowafikia watoto wa kila tabaka, wastani wa somo la lugha ulishuka hadi 424 hivi. Mwaka 1995 msingi ukahamishiwa kwa wahitimu wa 1990, zaidi ya milioni moja, na 500 ikarudi kuwa wastani.

India ilishika njia nyingine. Tangu 2019, mtihani wa uhandisi wa JEE Main hufanywa kwa zamu nyingi, na kinachohesabiwa ni nafasi ya mtahiniwa ndani ya zamu yake, hadi tarakimu saba baada ya nukta. Hesabu hiyo huchukulia kwamba zamu zote zina watu wa uwezo sawa, dhana ileile ya miaka ya 1930.

Novemba 2024 tume ya ajira ya jimbo la Uttar Pradesh ilipotaka kufanya vivyo hivyo, watahiniwa walijazana nje ya ofisi zake mjini Prayagraj, mchana na usiku. Siku ya nne tume ikakubali mchujo wa maofisa wa utumishi wa umma ufanyike siku moja. Walistahili kusikilizwa: uwezo wa zamu mbili hauwi sawa kwa kudhaniwa tu.