Matanga na Utungo

Mtu anapofiwa katika miji yetu ya mwambao na visiwani, jambo la kwanza analoondolewa ni kazi. Hapiki, hachoti maji, wala haulizi sanda itakatwa na nani. Wanaume wa mtaa hushika majembe wakaenda kuchimba kaburi na mwanandani wake. Wanawake hutandika mikeka na kuinjika masufuria. Na asiyejaaliwa nguvu huja na ubani. Neno hilo lina historia yake peke yake: kilichokuwa kifukizo kimekuwa fedha ya mkono wa pole, na jina halikubadilika.

Hata kisomo hugawanywa. Khitma ni Kurani nzima, juzuu 30, na mmoja akiisoma peke yake itamchukua muda mrefu. Zikigawiwa waliohudhuria, kila mmoja na juzuu yake, husomwa zote kwa pamoja na kikao kikamalizika kwa dua. Huzuni, kwa hivyo, tangu zamani hapa kwetu haikuachwa iwe shughuli ya mtu mmoja. Ilikatwa mafungu, kila mtu akabeba lake.

Neno tulilolipa shughuli hii ni matanga, na msomaji mpenda lugha hatakosa kuona kuwa ndiyo wingi wa tanga la chombo. Tanga la mtepe, chombo chetu cha kushonwa kwa kamba, lilikuwa mkeka uliosukwa, na wafiwa nao hukaa juu ya mkeka. Sidai kwamba maneno hayo asili yao ni moja. Nasema tu kwamba sikio la mshairi haliwezi kuyatenganisha.

Ama muda nao uliwekewa mpaka. Taazia ni siku tatu. Mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue ikiwa ni mjamzito. Sheria imekataza kujipiga vifua, kuchana nguo na kupiga mayowe, lakini machozi haikuyakataza. Swali linalonishughulisha ni hili: siku ya tatu mikeka ikishakunjwa, na mayowe yamekatazwa, yale yaliyosalia moyoni hupelekwa wapi? Historia ya fasihi yetu inajibu kwamba sehemu kubwa ilipelekwa kwenye utungo.

Tuutazame Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Bibi huyu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na katika utendi wake anaeleza kuwa maradhi yamemshika kwa mwaka mzima. Aghalabu utendi huu husomwa kuwa ni mafunzo ya unyumba, na wapo wanaoulaumu kwa hilo. Ni kweli kwamba mafunzo yamo tele. Hata hivyo tuangalie unavyoanza: mama anamwita bintiye akae karibu naye, achukue wino na karatasi. Mtoto anayekaribia kufiwa anapewa kazi ya mkono kabla msiba haujafika. Mama na binti wanakaa matanga pamoja, na marehemu mtarajiwa ndiye mwenye kuyaongoza. Sijui kikao kingine cha namna hiyo katika ushairi wetu.

Al-Inkishafi ni jambo jingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliutunga katika zama ambazo fahari ya Pate ilikuwa imekwisha kuporomoka, na wataalamu wengi huuweka mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi wameusoma kuwa ni waadhi wa kuipa nyuma dunia, na mtunzi mwenyewe anauelekeza kwa moyo wake uliolala. Mimi naona pia kwamba ni matanga ya mji mzima. Mtunzi anaingia majumbani. Anazikumbuka taa za kioo na za shaba, kisha anavionyesha vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani, na sasa ndege wa mwituni wamelea makinda humo, na bundi wanalia. Hivyo ndivyo afanyavyo mfiwa anaporudi chumbani: hushika kitu kimoja kimoja. Kisha anawaita wafu kwa majina, na miongoni mwa majina hayo limo la Ali bin Nasiri, ambalo limo katika nasaba ya mtunzi mwenyewe. Waadhi mtupu usingehitaji majina. Ungetosheka na kusema wafalme na matajiri.

Karne moja na ushei baadaye, Shaaban Robert wa Tanga alifiwa na mkewe, akatunga shairi la "Amina", lililomo katika kitabu chake Maisha Yangu. Humo anasema na marehemu mwenyewe, ana kwa ana. Hapana mji hapa wala ukoo wa masharifu, ni nyumba moja tu; na bado shairi limehifadhiwa vifuani mwa watu ambao hawakumjua Amina hata kwa sura.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, nayo imepakia watu kupita kiasi. Maombolezo ya siku tatu yalitangazwa nchini. Maiti 203 zilihesabiwa. Waliopotea wasionekane walikuwa zaidi ya elfu moja. Mwezi Julai 2012 ikafuata Skagit.

Kwa waliobaki baharini, mafungu mengi ya ile kazi ya zamani hayakuwapo: hapana wa kuoshwa, hapana kaburi la kuchimbwa. Ilisalia sala ya ghaibu, ikasalia khitma na mikeka. Na mjane wa asiyeonekana, aianze eda yake siku gani? Mafakihi wamelijadili kwa kirefu suala la aliyepotea, lakini katika nyumba ya mfiwa swali hilo linaulizwa huku mtu akiutazama mlango.

Mtunzi naye aanzie wapi? Sayyid Abdalla alikuwa na magofu ya kuingia. Mwana Kupona alikuwa na binti wa kumpa kalamu. Shaaban Robert alikuwa na jina moja la kuita. Atakayeitungia Spice Islander ana ufukwe wa Nungwi, na majina yanayozidi elfu.