Moyo wa Rais na Akili ya Rais

Mwishoni mwa Machi 1944 Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alipelekwa kupimwa katika hospitali ya jeshi la majini huko Bethesda, karibu na Washington. Alikuwa na umri wa miaka 62, na uchovu ulikuwa haumwachi. Daktari wa moyo, Howard Bruenn, alikuta moyo umetanuka, shinikizo la damu ni 186 kwa 108, na mapafu yana maji. Kwa lugha nyepesi, moyo ulikuwa umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Akapewa dawa ya dijitalisi, akapunguziwa chumvi na sigara, akaamriwa kupumzika. Daktari wake mkuu, Ross McIntire, bingwa wa masikio, pua na koo, aliendelea kuutangazia umma kwamba Rais ni mzima. Mgonjwa mwenyewe hakuuliza anaumwa nini. Novemba akachaguliwa mara ya nne.

Februari 1945 alikwenda Yalta kukutana na Churchill na Stalin. Tarehe 8, baada ya mazungumzo mazito juu ya Poland, Bruenn alikuta mapigo yake yanapishana, moja la nguvu, linalofuata dhaifu: dalili ya moyo uliochoka mno. Alipopumzishwa, yakatulia. Lord Moran, daktari wa Churchill, yeye alimtazama tu, akaona mtu ambaye mishipa ya ubongo wake imekakamaa na ambaye hana zaidi ya miezi michache. Bruenn alishikilia kwamba akili ya Rais ilikuwa timamu. Tangu hapo wako wasemao kwamba Poland iliuzwa na mgonjwa. Mimi naona wanatia chumvi. Majeshi ya Stalin yalikwisha kuikalia nchi ile, na hata mtu mwenye afya ya chuma asingeyaondoa kwa maneno.

Hata hivyo swali lao si la kipuuzi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, nao hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Moyo ukilegea, ubongo nao hupunjwa. Ndiyo maana wazee wenye maradhi haya huandamwa na usahaulifu na uzito wa kufikiri kuliko wenzao. Tena damu inayozubaa ndani ya moyo huweza kuganda, bonge likapanda kichwani likaleta kiharusi. Na anayesahau humeza vidonge mara mbili, au asimeze kabisa, moyo ukazidi kudhoofu.

Kwetu mzee akivimba miguu hupelekwa hospitali. Akianza kusahau husemwa ni uzee, basi. Nilipomuuguza shangazi yangu, waganga waliuliza habari za pumzi na miguu. Hakuna aliyeuliza kwa nini alikuwa akitia chumvi mchuzi uleule mara mbili, naye alikwisha kukatazwa chumvi.

Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs, Georgia, Roosevelt alilalamika kwamba kichwa kinamuuma vibaya sana, akazimia. Damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo, na shinikizo lilipita 300. Alikufa alasiri ile ile. Jalada lake la matibabu lilitoweka Bethesda, na umma ulisubiri hadi 1970, Bruenn alipochapisha habari za ugonjwa ule.