Kidole Gumba cha Babu

Katika mkutano wetu uliopita, kijana wa Kidato cha Tatu aliniuliza: "Mzee, kuwa mshiriki wa Kanisa la Presbyterian na kuhudhuria ibada tu, kuna tofauti gani?" Nilimjibu ovyo, kwani kengele ya chakula ilikuwa imekwisha lia. Sasa namjibu sawasawa.

Wamisionari wa Kiskoti walianza kazi Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Thogoto mwaka 1898, na mwaka 1908 wakafungua Tumutumu. Kwao, kuketi kanisani hakukumfanya mtu kuwa mshiriki. Mtu mzima aliingia darasa la wakatekumeni, akafundishwa, akaulizwa maswali, ndipo akabatizwa. Aliyebatizwa utotoni alirudi darasani ili aikiri imani kwa kinywa chake mwenyewe kabla ya kukaribia Meza ya Bwana. Utaratibu huo ndio niliopitia mimi pia nilipokuwa mwanafunzi hapa.

Lakini kuingia ni jambo moja, na kubaki ni jambo jingine. Mwaka 1929 misheni iliwataka watumishi wake, kisha washiriki, watie sahihi au kidole gumba kwamba wameacha tohara ya wasichana na kwamba si wafuasi wa Kikuyu Central Association. Waliokubali waliitwa "kirore", yaani alama ya kidole. Wengi mno waliondoka, na katika miaka iliyofuata makanisa na shule za kujitegemea zikashamiri.

Babu yake mama yangu alitia kidole. Dada yake alikataa. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa michongoma, lakini kwa miaka mingi hawakupeana hata moto wa kuwashia jiko. Nilipokuwa mdogo nilidhani babu ndiye shujaa wa hadithi hiyo. Siku hizi nawahurumia wote wawili, kwa kuwa kila mmoja alitakiwa kuchagua kati ya watu wake na watu wake.

Kanisa lenyewe lilibadilika. Mwaka 1956 Waafrika na Wazungu waliungana chini ya Baraza Kuu moja, na mwaka 1961 Charles Muhoro Kareri akawa Msimamizi wake wa kwanza Mwafrika. Mwaka 1969 viapo vya siri vilipoenea Mkoa wa Kati, Kanisa hilo lilivipinga hadharani, na washiriki waliokataa kula kiapo walipata mateso. Safari hii Kanisa halikudai kidole cha mtu; lilisimama na wale waliokataa kulazimishwa.

Na mimi je? Nilipoajiriwa serikalini na kupelekwa mbali na nyumbani, nilipewa barua ya kuhamia kanisa jingine. Nikaiweka ndani ya faili, ikakaa humo miaka sita. Hakuna aliyenifukuza, nilipotea kimya kimya. Aliyenirudisha ni mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Alikuja jioni moja kwa miguu, akanywa chai, akauliza habari za watoto, na alipokuwa akiaga akasema: "Jina lako bado tunalisubiri." Jumapili iliyofuata niliipeleka ile barua.

Basi, kijana wangu, tofauti ni hii: anayehudhuria tu akikosekana, huenda asijulikane. Mshiriki akikosekana, kuna mtu atakayebisha hodi mlangoni pake. Nawe ukiisha kuwa mshiriki, jua kwamba siku moja zamu ya kubisha hodi itakuwa yako.