Darubini si Ushahidi wa Ushirazi

Nimewahi kuona mchoro unaomwonyesha Vasco da Gama akiwa sitahani, darubini jichoni, akiichungulia Mombasa. Mchoro huo unadanganya. Da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, ilhali darubini ya kwanza inayotajwa wazi katika maandishi ni ile ambayo Hans Lippershey, fundi wa miwani, aliiombea hataza Uholanzi mwaka 1608. Hata Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, inakipita chombo hicho kwa umri.

Mwaka 1609 Galileo aliwapandisha wakuu wa Venice mnarani, akawaonyesha merikebu saa mbili hivi kabla ya macho matupu kuziona. Faida yake baharini ilikuwa wazi: anayeitambua bendera mapema ndiye anayeamua kukimbia au kungoja. Ila vioo vya mwanzo vilizungushia kila kitu rangi za upinde wa mvua, hadi John Dollond wa London alipopata hataza ya kuunganisha vioo vya aina mbili mwaka 1758. Na usidhani kukuza sana ndiko bora. Chombo kikiyumba, darubini kali humwonyesha nahodha maji, mara mawingu, mara maji tena!

Sasa neno lenyewe. Kwa Kiajemi, dur ni mbali, na bin ni mwenye kuona. Wapo wanaolitia kapu moja na bandari na nahodha, kisha wakasema ati hayo ndiyo masalio ya Washirazi wa kale. Hapo nakataa. Jina la chombo litakitanguliaje chombo? Darubini ilitufikia baada ya 1608, karne nyingi tangu Kilwa istawi. Tena haikulazimika kutoka Uajemi moja kwa moja: Wahindi husema durbin, na Waarabu wa Ghuba husema darbil. Baharia wa jahazi angeweza kulitoa neno hilo Bombay au Maskati bila kujua Kiajemi hata chembe. Bandari na nahodha huenda ni ya kale kweli, lakini yatafutiwe ushahidi wake yenyewe.

Siku hizi tuna pia hadubini, ya kutazamia vijidudu. Imeundwa kwa mfano wa darubini, na ile -bini ya Kiajemi ingalimo.