Tanga, Ukili na Pakacha

Kwa miaka mingi nilifundisha methali isemayo kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na sikuwahi hata mara moja kuingia darasani na pakacha. Nilipokaribia kustaafu, mwanafunzi mmoja aliandika katika jaribio kwamba pakacha ni ndoo iliyotoboka. Nilimnyima alama. Jioni ile, nikiwa nyumbani, ndipo nilipojiuliza angelijulia wapi, ikiwa mwalimu wake, mzaliwa wa pwani ya Tanga na mtoto wa mama msuka mikeka, alikuwa amempa neno tupu.

Pakacha ni kapu la haraka la kuti bichi. Hupasuliwa upongoo, majani yakasukwa yangali na maji, yakafungwa chini. Kesho yake kapu limekwisha kukauka na hutupwa. Mkeka hauna haraka hiyo. Mama na wenzake walishuka bondeni kukata ukindu, na walichukua yale makuti machanga ya katikati ambayo hayajachanua, wala hawakuukata mkindu mzima, kwa kuwa wangerudi tena. Ukindu ulichanwa ukawa chane, ukaanikwa mpaka ukawa mweupe, na nyingine zikachemshwa pamoja na manjano au maganda ya mkoko ili zipate rangi. Kisha ulianza ukili, ule ukanda mwembamba mrefu ambao mwanamke aliweza kuusuka huku akizungumza, akibembeleza mtoto, hata akitembea.

Ukili hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, nayo pima ni dhiraa nne. Palipokuwa na harusi, kila jirani alileta ukili wake uliokwisha kusukwa, na mwenye kujua kushona akaunga ukingo kwa ukingo hadi mkeka ukatimia. Aliyeleta pungufu hakusemwa. Nakumbuka mkeka mmoja uliokuwa na vipande vya mikono mitano au sita, na mama aliweza kukuonyesha kwa kidole: huu wa fulani, yeye hukaza mno; huu wa fulani, amelegeza kama kawaida yake. Bibi harusi alilalia majirani zake.

Historia ya pwani yetu tumezoea kuisoma kwa masultani, misikiti ya mawe na majahazi. Lakini tuyatazame majahazi yenyewe. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, chaitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na chasema jina hilo latokana na vyombo vilivyoshonwa. Humo humo imetajwa mitego iliyosukwa ya kunasia kasa. Mtepe, uliojulikana sana katika visiwa vya Lamu, uliendelea kuundwa vivyo hivyo hadi mwanzoni mwa karne ya 20: mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa. Ili kamba hiyo ipatikane, makumbi ya nazi hufukiwa pwani katika tope la maji ya chumvi kwa miezi, yakafukuliwa, yakapondwa, ndipo yakasokotwa. Kwa kila nahodha tunayemsikia, palikuwa na watu waliopinda migongo matopeni ambao hatukuachiwa majina yao.

Waliloachiwa ni neno. Tanga ni lile la chombo, nalo asili yake ni mkeka. Wanakamusi wa zamani waliyaeleza matanga ya msiba kwa njia hiyo hiyo: wafiwa na jamaa zao huacha vitanda, wakalala chini juu ya mikeka. Basi tunaposema fulani amekaa matanga, twataja kitu kile kile kilichowapeleka watu baharini. Nilifundisha wingi wa nomino za ngeli ya LI-YA kwa kutumia tanga na matanga, na jambo hili sikulisema, kwa kuwa sikuwa nimelifikiri.

Karafuu nazo zina deni. Katika karne ya 19 Unguja ilijulikana ulimwenguni kwa zao hilo, lililotokana kwa sehemu kubwa na jasho la watumwa; dhoruba ya 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika nafasi. Vitabu vimehesabu karafuu kwa uangalifu mkubwa. Majamvi zilikoanikwa, ambayo ilibidi yasukwe upya kila yalipochakaa, hayana ukurasa wake.

Ninyi washairi mnatumia vitenzi vya mafundi hawa bila kulipa ushuru. Kutunga ni kupitisha uzi: hutungwa shanga, hutungwa samaki, hutungwa jasmini, hutungwa shairi. Kusuka twakutumia kwa visa na hoja. Sioni ubaya, ila anayejisifu kuwa ametunga, na hajawahi kuona kitu kikitungwa kwa uzi, namhofia atafanya kama nilivyofanya mimi na pakacha langu.

Mwezi uliopita niliomba kuti kwa jirani mwenye minazi. Mapakacha mawili ya kwanza yalifumuka mikononi, mjukuu wangu akicheka. La tatu lilishika. Nililijaza maembe nikampelekea Bi mkubwa wa nyumba ya pili, ambaye alilitazama kwanza pakacha, ndipo akayatazama maembe, akauliza, "Mwalimu, nani kakufundisha kusuka kwa kushoto?" Alicheka, kisha akaingia jikoni, kwani chombo hakirudi kitupu. Alinirudishia na ndimu kumi na mbili. Nilipofika mlangoni pangu nilihesabu tisa.