Mnavu wa Buzebazeba: Historia Isiyo na Mnara

Mgeni afikapo Ujiji huonyeshwa mnara wa Livingstone, aliyekutana hapo na Stanley mwaka 1871. Hakuna amwonyeshaye tuta la mnavu katika mitaa ya Buzebazeba. Hata hivyo, misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoujaza mji huo katika karne ya 19 ilikula kila siku. Nani aliilisha?

Verney Lovett Cameron, aliyefika Februari 1874, alieleza soko la Ujiji lenye fedha yake lenyewe, shanga ziitwazo sofi. Lakini wasafiri wa aina yake hawakuja kutafuta majani ya mboga. Pale maandishi yanapotutupa mkono, lugha hutupokea. Watu wa pwani husema kisamvu. Kigoma husema sombe, na Warundi husema isombe. Jina hilo ni la ukanda wa ziwa, halikuletwa na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika, ila ustadi wa kutwanga majani yake na kuyaunga kwa mawese ni wetu. Mnavu na mgagani ni wenyeji wa Afrika tangu awali.

Elimu ya mboga hizi imehifadhiwa mikononi, hasa mwa wanawake. Tunda la mnavu lililoiva hukamuliwa, mbegu zikaoshwa, zikaanikwa kivulini, kisha zikachanganywa na mchanga au majivu ili zisimwagike mahali pamoja. Ncha huchumwa ili matawi yachipue upya. Majani huchemshwa, maji machungu yakamwagwa, ndipo mawese au karanga hutiwa. Sayansi ya lishe inaafiki: karotini hufyonzwa vyema mwilini palipo na mafuta.

Tatizo letu ni kuziita mboga hizi "za kienyeji" kwa sauti ya dharau, huku kabichi ikipewa heshima ya mgeni. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mchikichi umepata bahati. Tangu 2018 Serikali imeupigia debe, na kituo cha TARI Kihinga kinauzalishia mbegu bora. Jambo hilo ni jema. Lakini mawese bila mboga ni nusu ya chungu.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma anayepanga viwanja akumbuke kwamba bustani ya uani ni sehemu ya mji, si uchafu wa mji. Mwanafunzi wa historia aende na daftari kwa bibi yake, aandike majina, misimu na mapishi. Mbegu ikiwekwa kibuyuni miaka mingi bila kupandwa hupoteza uwezo wa kuota, na maarifa nayo ni vivyo hivyo. Mnara wa jiwe unaweza kusubiri karne nyingine, mnavu hausubiri.