Bado kidogo tango ipotee

Mimi nilisomea agronomia, kwa hiyo nikiandika "tango" wengine watafikiri ni lile la shambani. Wenye kusikia Lingala watasema tango ni saa. Hapana. Leo naongea juu ya dansi ya Buenos Aires, kule Ajentina, na namna watu walifundishana.

Tango ilizaliwa mwisho wa karne ya 19, pande mbili za Río de la Plata: Buenos Aires na Montevideo. Ilichanganya wahamiaji wa Italia na Hispania, wenyeji, na weusi, wajukuu wa watumwa. Wengi kati ya hao watumwa walitolewa pande zetu, Kongo na Angola. Buenos Aires walikuwa na vyama vyao vya asili, kimoja kikiitwa Congo, na humo walicheza ngoma. Rosendo Mendizábal, mmoja wa watungaji wa kwanza wa tango, alikuwa mweusi.

Sasa, kijana alijifunza wapi? Wengi walijifunza kwenye práctica, mahali wanaume walijizoeza wao kwa wao. Mji ulijaa wanaume wahamiaji, wanawake walikuwa wachache, na mwanamke hakupoteza wakati na mtu asiyejua kucheza. Wazee walisimulia kusema kijana mpya hakuanza kuongoza. Kwanza alifuata: alicheza nafasi ya mwanamke, miezi na miezi, mikononi mwa mwenye kujua. Silabusi haikuwa, pointi hazikuwa. Siku yenye alianza kuongoza, alikuwa anajua tayari namna kosa la kiongozi linaumiza mwenzake.

Kwa njia hiyo tango ilifika kilele chake, kati ya 1935 na 1955. Mwaka 1955 jeshi lilimwangusha Perón, na kisha tango ikaanza kushuka. Vijana wakafuata roki, kumbi zikapungua. Diski zilibaki, ndiyo. Lakini munajua mbegu ya maharage: ukiiweka ghalani miaka mingi bila kuipanda, kwa macho inaonekana nzima, ila haioti tena. Diski inalinda muziki. Haionyeshe mguu unakanyaga wapi.

Mwaka 1983 utawala wa jeshi uliisha, na mwaka huohuo onyesho Tango Argentino lilianza Paris. 1985 likafika New York. Ghafla watu wa inchi nyingi wakataka kujifunza, na wenye kujua vizuri walikuwa wameshazeeka. Ilibidi kufundisha kwa saa moja kile wazee walipata kwa miaka. Waalimu wengi wakashika mwendo wa hatua nane, kila hatua na namba yake. Ni rahisi kukariri. Shida ni kwamba katika mwendo ule, kiongozi anaanza kwa kurudi nyuma, na kwenye milonga, yaani ukumbi wa tango, wote wanazunguka kinyume cha mishale ya saa, wawili nyuma ya wawili. Ukirudi nyuma unagonga watu. Kile darasa lilikubali, ukumbi ulikatala.

Ndani ya miaka ya 1990, Gustavo Naveira, Fabián Salas na wenzao wakaanza kuchambua: siyo kukariri miendo, ila kuuliza mwili unageuka namna gani, na kwa nini. Mwaka 2009 UNESCO iliandika tango kati ya urithi wa wanadamu.

Mimi nabaki na wale wazee wa práctica. Vijijini kwetu kuna bamama wenye kujua mbegu gani inavumilia mvua nyingi, na hakuna mtu aliandika. Sisi tunafika na lisansi yetu, tunataka kuongoza siku ya kwanza, na hatua zetu nane mfukoni. Tufuate kwanza, msimu mmoja, miwili, mikononi mwao, wakingali hai.

Kwenu, ni nani anajua kitu chenye hakuna kijana anajifunza kwake?